Joto Lililotoka Mtoni

Mwenye shamba alipowajengea wafanyakazi wake vyumba vya mawe vyenye paa la mabati, watu wa mashamba ya jirani walikuja kuviangalia na wakavisifu. Huo ulikuwa mwaka wa 1951, kwenye miinuko iliyo juu ya mji wa Molo. Zamani wafanyakazi waliishi katika nyumba za udongo na nyasi, na upepo uliingia upande huu ukatokea ule. Vyumba vipya vilikuwa na milango ya mbao iliyokaa sawasawa kwenye fremu na dirisha dogo la kioo. Jeruto, aliyekuwa akiosha mikebe katika jengo la maziwa, alipewa chumba cha mwisho kwenye safu, yeye na mumewe Kipkoech, mama mkwe wake, na mtoto wao wa kiume, Kimutai, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia umri wa kuuliza maswali yasiyokwisha.

Mwezi wa saba ulipofika, ukungu ulishuka kutoka msitu wa Mau ukalala juu ya mashamba ya maua ya pareto kwa siku nzima nzima. Baridi ya Molo huingia kwenye mifupa na kukaa humo. Asubuhi moja Jeruto alitoka mapema kwenda kazini. Alimwacha Kimutai chini ya blanketi pamoja na bibi yake. Bibi alipoamka na kuona mtoto anatetemeka, alifanya jambo ambalo bibi yeyote angefanya. Aliwasha jiko la makaa nje, akangoja moshi uishe, akaliingiza ndani, akafunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa gunia. Katika nyumba ya nyasi jambo hilo lisingemdhuru mtu. Katika chumba kile cha mawe hewa haikuwa na pa kupita.

Jeruto aliporudi jua lilikuwa limepanda. Alisukuma mlango, ukamgomea kidogo kwa sababu ya lile gunia, kisha ukafunguka. Chumba kilikuwa na joto zuri. Hilo ndilo lililomkaa rohoni miaka yote iliyofuata, kwamba alipoingia, kabla hajajua lolote, mwili wake ulilifurahia lile joto. Bibi alikuwa ameegemea ukuta na mtoto mapajani, wote wawili kama watu waliopitiwa na usingizi. Jeruto aliita jina la mwanawe kwa sauti ya kawaida, kama anavyoitwa mtoto aje ale. Akaita tena. Majirani waliomsikia akiita mara ya tatu waliacha walichokuwa wakifanya wakaja mbio.

Mganga wa zahanati alieleza kwamba makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa mbaya isiyo na harufu wala rangi, na anayeivuta huona usingizi tu. Kipkoech alisikiliza mpaka mwisho. Baada ya mazishi alichukua rungu akavunja kioo cha dirisha, na hakukirudisha tena. Kuanzia siku hiyo Jeruto hakukubali moto wa aina yoyote uingie chumbani kwake. Alipikia nje, mvua ikinyesha alipikia chini ya upenu, na usiku walilala na baridi yao.

Wanawake wa safu ile hawakujua wamwite nani. Walikuwa wamezoea kumwita Mama Kimutai, na sasa jina hilo lilikuwa zito mdomoni. Wengi walianza kumwita "wewe" au kumngoja ageuke mwenyewe. Jirani yake wa mlango wa pili, Nyakio, mke wa Ndung'u, mwendesha mkokoteni wa majani ya ng'ombe, hakubadilisha kitu. Kila asubuhi alisema, "Umeamkaje, Mama Kimutai?" Jeruto aliitikia, na wakati mwingine huo ndio ulikuwa mwitikio wake pekee kwa siku nzima.

Mwaka uliofuata alijifungua msichana, Chelangat. Mtoto alizaliwa na nguvu, lakini baridi ilimshika kifua, na kifua hakikupona. Jeruto alimfunga kwenye mwili wake chini ya nguo, akamwongezea gunia juu ya blanketi, na bado kila alfajiri alisikia kile kikohozi chembamba, akahesabu kwamba huyu naye yuko njiani kuondoka. Hakulia. Alikuwa amejiambia kwamba katika nchi hii mtoto atauawa na baridi au atauawa na moto, na kazi ya mama ni kuchagua kimoja.

Ndipo ilipoletwa mashine ya kupoza maziwa.

Mwenye shamba, Bwana Perkin, alikuwa na mto uliopita chini ya boma lake, na kwenye maporomoko yake alikuwa amefunga gurudumu la maji lililozungusha dinamo. Umeme wake ulikuwa kidogo, wa kuwasha taa za nyumba yake na za jengo la maziwa. Sasa alitaka umeme huo upoze maziwa ya asubuhi kabla ya lori kuja kuyachukua. Mashine ilikuja kutoka Nakuru ikiwa ndani ya masanduku ya mbao, na pamoja nayo akaja fundi.

Fundi huyo aliitwa Alamin. Alizaliwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, kwa wazazi ambao asili yao ilikuwa pwani, na wakati wa vita alikuwa jeshini akitunza maghala ya barafu ya nyama. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya kufuma ambayo hakuivua hata alipolala chali chini ya mashine. Alikaa shambani muda wa kufunga mabomba, na siku aliyoiwasha, wafanyakazi wote walijaa mlangoni kuona maji yakigeuka baridi bila barafu.

Jeruto hakuyaangalia maji. Alikuwa amepita nyuma ya mashine kuchukua mikebe, na hapo upepo wa moto ukampiga usoni. Kulikuwa na mabomba membamba ya shaba yaliyokunjwa mara nyingi kama matumbo ya ng'ombe, na feni iliyopuliza hewa katikati yake kuitoa nje kupitia tundu la ukutani. Alisimama hapo mikono imenyooka mbele, kama mtu anayeota moto.

"Mama, usiguse shaba, itakuunguza," Alamin alisema.

"Fundi, mashine ya kuleta baridi inatoaje moto?"

Alamin alifuta mikono. Alikuwa ameulizwa swali hilo na watu wengi, na wengi wao hawakungoja jibu. Huyu aliona anangoja. Akamwambia kwamba mashine haileti baridi, kwa sababu baridi si kitu cha kuletwa. Inachofanya ni kuondoa joto. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe na joto la mwili wake. Mikebe yake inatumbukizwa katika maji ya tangi, maji yanachukua lile joto, na mashine inalitoa majini na kulihamisha mpaka huku nyuma.

Akamuuliza kama aliwahi kushika pampu ya baiskeli baada ya gurudumu kujazwa. Jeruto alisema ndiyo, huwa ya moto. Alamin akasema ni hivyo hivyo. Ndani ya mabomba kuna dawa inayoweza kuwa maji na inayoweza kuwa hewa. Pampu inaibana, ikibanwa inapata moto, na moto huo unapozwa hapa na feni. Kisha dawa inapitishwa kwenye tundu dogo sana, inaachiliwa, inakuwa baridi kali, inaingia kwenye tangi kuchukua joto jingine.

"Kama spiriti ya sindano," alisema. "Daktari akikupaka, unasikia mkono umepoa. Ile spiriti inapokauka inaondoka na joto lako."

"Na joto hili linakwenda wapi?"

"Nje. Linapotea."

Jeruto aliokota mikebe yake akaenda. Siku iliyofuata alirudi tena wakati Alamin anafunga vifaa vyake. Hakuzunguka. Alimweleza habari za Kimutai na bibi yake kwa maneno machache, bila kumwangalia, halafu akauliza kama hewa ile ya nyuma ya mashine ina kitu ndani yake cha kumlaza mtu asiamke.

Alamin alikaa juu ya sanduku la vifaa. Baadaye alimwambia mkewe, Kuluthum, kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuulizwa jambo kubwa kama lile. Alimjibu Jeruto polepole. Hakuna kitu kinachoungua pale, kwa hiyo hakuna moshi, hakuna makaa, hakuna ile hewa mbaya. Hewa inayopulizwa ni hewa hii hii ya Molo, imepita tu kando ya shaba yenye moto. Dawa imefungwa ndani ya mabomba, haichanganyiki na hewa. Bomba likitoboka dawa inaweza kuvuja, na kwa hiyo ni lazima viungo vipakwe povu la sabuni kila wiki, na chumba kiwe na tundu juu. Hakumficha lolote. Jeruto aliuliza angepaka povu hilo namna gani, akaonyeshwa.

Nyuma ya jengo la maziwa kulikuwa na stoo ya kuweka magunia, ikigusana na ukuta uleule wenye tundu. Alamin alikwenda mwenyewe kuzungumza na Bwana Perkin. Mzungu huyo hakuwa mkali wala mkarimu; alipenda kujua kila kitu kinagharimu nini. Aliuliza kwa nini wasinunue hita ya umeme, waichomeke kwenye dinamo, jambo likaisha. Alamin alimweleza kwamba dinamo ile ni ndogo. Umeme wake ukichomwa moja kwa moja hautapasha hata nusu ya stoo. Lakini umeme huohuo ukitumiwa kuzungusha pampu, joto linalofika nyuma ni mara tatu yake au zaidi, kwa sababu pampu haitengenezi joto, inalibeba tu kutoka kwenye maziwa.

"Ukichoma mpini wa shoka, Bwana, utaota kidogo," alisema. "Ukiutumia mpini huo kukata kuni, utaota msimu mzima."

Bwana Perkin alifikiri, akasema watumie stoo, mradi maziwa yake yasiharibike. Alamin akakunja mabati, akatengeneza njia ya kupitisha ile hewa ya moto kutoka kwenye feni hadi ndani ya stoo, akaacha tundu la hewa chini ya paa. Kipkoech alipiga sakafu kwa udongo na kuleta vitanda vya fito.

Jeruto hakumwingiza mtoto. Siku ya kwanza alimwacha Chelangat kwa Nyakio, akaingia peke yake, akafunga mlango, akakaa. Alikaa tangu adhuhuri mpaka ng'ombe wakarudi jioni. Kipkoech alipita nje mara nyingi, akigonga ukuta, naye akigonga kumjibu. Alikuwa akiungojea usingizi ule. Haukuja. Kilichokuja ni jasho chini ya kitambaa chake cha kichwa, na baada ya jasho, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, machozi. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Nyakio kumchukua mwanawe.

Kikohozi cha Chelangat kilipungua kabla mwezi haujaisha, kisha kikaacha. Wanawake wa safu waliona. Aliyejifungua alikuja kukaa na kichanga chake kwenye chumba cha nyuma ya mashine mpaka kitovu kianguke; mwenye mtoto mgonjwa wa kifua alikuja naye asubuhi na jioni, wakati maziwa yanapozwa. Kuta za mawe zilishika joto na kulitoa taratibu, kwa hiyo hata mashine ilipopumzika chumba hakikupoa upesi. Hakuna aliyekata kuni, hakuna aliyekohoa moshi. Jeruto ndiye aliyeshika ufunguo, na kila Jumamosi alipaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, akainama kuangalia kama kuna kipovu kinachovimba.

Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari kupambana na wapiganaji wa Kikuyu. Mwanzoni ilikuwa habari ya mbali, ya Nairobi na ya msituni. Kisha malori ya polisi yakaanza kupanda barabara za Molo, yakichukua Wakikuyu mashambani, watu waliozaliwa hukohuko na ambao hawakuwahi kuiona nchi waliyoambiwa warudi. Ndung'u alichukuliwa mwezi wa tano wa mwaka wa 1953, akiwa na kamba za mkokoteni mkononi. Nyakio alikuwa mjamzito. Kwa kuwa alikuwa mzito, walimwacha, wakasema zamu yake itakuja.

Uchungu ulimshika mwanzoni mwa mwezi wa saba, miezi ikiwa haijatimia. Jeruto na mkunga mmoja mzee walimzalisha katika chumba kile. Mtoto alikuwa msichana, mdogo kiasi cha kutoshea kwenye sufuria ya ugali, ngozi yake nyembamba mpaka mishipa ilionekana. Mkunga alimfunika akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu asipewe jina bado. Nyakio alimpa jina palepale, Wangare, jina la mama yake Ndung'u.

Mtoto hakuweza kunyonya. Walimkamulia maziwa ya mama yake na kumdondoshea mdomoni. Kazi yake yote ilikuwa kubaki na joto, na joto lilikuwepo. Alipitisha siku, akapitisha wiki.

Ndipo ng'ombe wakashikwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Shamba likawekwa karantini. Maziwa hayakuruhusiwa kutoka, lori likaacha kuja, na maziwa kidogo yaliyopatikana yakapewa ndama yakiwa moto vilevile. Tangi la mashine halikuwa na cha kupoza. Maji yake yalifika kwenye ubaridi wao, na mashine, kama ilivyotengenezwa, ikajizima. Feni ikanyamaza. Kufikia jioni kuta zilikuwa zimeanza kutoa unyevu.

Mkunga alisema waingize jiko, waache mlango wazi. Nyakio alimtazama Jeruto, akaona uso wake, akasema hapana kabla mwenzake hajasema. Walimvua mtoto nguo, wakamweka kifuani pa Nyakio, ngozi kwa ngozi, wakawafunika. Nyakio alipochoka, Jeruto alimchukua kifuani pake. Kipkoech alitembea mpaka stesheni ya Molo katika mvua kumwomba karani wa simu apeleke neno Nakuru kwamba mashine imekufa na kuna mtoto.

Alamin alikuja siku ya pili kwa treni ya mizigo, akapanda kutoka stesheni kwa miguu. Langoni walimsimamisha akanyage kwenye beseni la dawa ya karantini, na aliingia viatu vikichuruzika. Alishika bomba, akafungua kifuniko cha tangi, akatia kidole.

"Haijafa," alisema. "Imekosa kazi. Haina joto la kubeba."

Jeruto alikuwa mlangoni, mtoto wa mwenzake kifuani. Alisema kwamba maziwa hayatakuwepo mpaka karantini iishe, na hakuna anayejua ni lini.

Alamin alitoka nje akasimama ukingoni mwa mfereji uliochukua maji ya mto kuyapeleka kwenye gurudumu. Maji yalikuwa baridi ya kuuma vidole. Alirudi akasema wachimbe mtaro mdogo kutoka kwenye mfereji mpaka kwenye tangi, maji yaingie upande mmoja na kutoka upande wa pili, yasisimame.

Kipkoech alimuuliza kama amechoka na safari. Maji yale yangeua kuku. Joto lingetoka wapi?

"Unayaona baridi kwa sababu wewe una joto kuyapita," Alamin alimjibu. "Zile bomba ndani ya tangi ni baridi kuliko mto. Kwao mto huu ni uji wa moto. Yapitishe tu. Kila tone litaacha kidogo, na mto hauishi."

Walichimba Kipkoech na wanaume wawili wa zizini, Alamin akakata bomba na kulitia kwenye tangi. Maji yalipoanza kupita, walisimama wakingoja. Mashine ilitikisika, ikanguruma. Jeruto alikwenda nyuma, akasimama mbele ya njia ya mabati. Kwanza ilitoka hewa ya kawaida, yenye harufu ya magunia. Kisha ikawa vuguvugu. Kisha akalazimika kurudi nyuma hatua moja.

Kabla ya kuondoka Alamin alimwonyesha jambo. Alimwambia atie mkono kwenye maji yanayoingia, halafu kwenye maji yanayotoka. Yaliyotoka yalikuwa baridi zaidi, mpaka mkono ulikufa ganzi. Hiyo tofauti, alimwambia, ndiyo iliyoko ndani na mtoto. Jeruto alibaki ameinama pale muda, akitia mkono huku na huku. Tangu siku hiyo hakuiogopa tena baridi kama alivyoiogopa zamani, na alipoulizwa na wanawake mashine inafanya nini, hakuwaeleza. Aliwapeleka mferejini watie mikono wenyewe.

Wangare aliishi. Alianza kunyonya, mashavu yakajaa, akapata sauti.

Lori la polisi lilirudi. Afisa aliyekuja nalo aliingia chumbani, akavua kofia kwa sababu ya joto, akamwangalia mtoto kwa muda mrefu kuliko walivyotazamia. Bwana Perkin alimwambia kwamba kiumbe kile kikitolewa nje sasa hakitafika hata Njoro. Afisa alisema watarudi mwezi ukiisha. Mwezi ulipoisha walirudi.

Nyakio alikuwa amejiandaa. Alimfunga Wangare kifuani ndani ya blanketi mbili, moja ikiwa ya Chelangat. Jeruto alipanda lori bila kuomba ruhusa, akakaa kando yake mpaka stesheni, na hakuna askari aliyemteremsha. Kwenye jukwaa kulikuwa na watu wengi, sufuria, kuku, vikongwe waliokalia mizigo yao. Walisimama bega kwa bega wakingoja mabehewa.

"Akikohoa mfunge kifuani," Jeruto alisema.

"Nitamfunga."

"Makaa, mlango wazi."

"Mama Kimutai," Nyakio alisema, "siwezi kusahau hilo."

Nakuru waliwekwa kambini kungoja kupelekwa mbele. Alamin alipata habari, na Kuluthum alikwenda kwenye ua wa seng'enge akiwa na blanketi na chungu cha mchele. Siku ya kwanza mlinzi alimfukuza. Siku ya pili mlinzi alikuwa mwingine, akamruhusu kuvipitisha. Kuluthum alimwona mtoto, akasema anatazama watu. Hiyo ndiyo habari iliyofika Molo. Kisha Nyakio akapelekwa Murang'a na habari ikakatika.

Chumba kiliendelea kufanya kazi. Karantini iliisha, maziwa yakarudi, lakini mtaro ule haukufukiwa. Wakati wa baridi kali walipitisha mto, wakati mwingine maziwa. Alamin alikuja mara mbili kwa mwaka, na kwa maneno yake Bwana Perkin alikubali kila chumba cha wafanyakazi kitobolewe tundu chini ya mabati. Mwaka wa 1957 pampu ilichakaa, ikaletwa mashine kubwa iliyofungwa mahali pengine, na joto lake likatumiwa kupasha maji ya kuoshea mikebe. Stoo ikarudi kuwa ya magunia. Jeruto aliomba chumba cha watoto kibaki, akasikilizwa kwa heshima, lakini hakuna kilichobadilishwa. Alichukua kazi katika zahanati ya Molo, kuwatunza waliojifungua, na huko alipasha vitanda kwa chupa za maji ya moto, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine.

Mwaka wa 1959 alishuka Nakuru kununua kitambaa, na sokoni akasikia anaitwa kwa jina la mwanawe. Nyakio alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa na mvi. Alikuwa amepata kibarua kwenye shamba moja huko Bahati, nje kidogo ya mji. Ndung'u hakutoka kizuizini. Alifia huko, na aliyemwambia alikuwa mtu aliyelala kitanda cha jirani. Alilisema hilo kwa utulivu, akipanga viazi mbele yake.

Nyuma yake alisimama msichana mwembamba mwenye macho makubwa. Alikuwa na kikohozi wakati wa mvua, Nyakio alisema, lakini anakula, na anakwenda shule ya kanisa. Jeruto alimsalimia. Mtoto alijificha nyuma ya rinda la mama yake, akamuuliza kitu kwa Kikuyu, na Nyakio akamjibu kwa maneno mengi. Jeruto alielewa neno Molo tu. Hakuuliza mengine. Alikaa nao mpaka viazi vikaisha, akawasaidia kukunja gunia, na lori la Bahati lilipokuja alimwinua mtoto akampandisha juu, kisha akaenda stesheni kukata tiketi yake ya Molo.